Umeng'olewa Jino? Linda Bonge la Damu

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya jino. Sisemi juu ya jino linalouma, maana hilo kila mtu analijua. Nasema juu ya shimo linalobaki baada ya jino kung'olewa.

Watu wengi hudhani kwamba jino likishatoka kazi imekwisha. Mgonjwa hushika shavu, hurudi nyumbani, na watu humpa pole. Lakini kazi ya mganga wa meno ni ya dakika chache tu. Kazi inayobaki ni ya siku saba, na hiyo ni ya kwako wewe. Ukiifanya vizuri, kidonda hupona bila taabu. Ukiifanya vibaya, utapata maumivu makali kuliko yale ya jino lenyewe.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, upande wa Morogoro. Zahanati yetu haina mganga wa meno. Mwenye jino bovu hupanda pikipiki mpaka kituo cha afya. Lakini mara moja moja tabibu wa meno huja kwetu na vyombo vyake, na siku hiyo chumba cha sindano huwa chumba cha meno. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi alikuja siku ya Jumanne. Watu walijaa uwanjani tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilimpokea mgonjwa aliyekwisha kung'olewa, nikatazama kama anauma pamba sawasawa, kisha nikamweleza la kufanya nyumbani.

Asubuhi nilieleza vizuri, neno kwa neno. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimechoka, nikaanza kufupisha.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja jirani yangu. Namwita Babu, ingawa si wa ukoo wangu. Aling'olewa gego la chini. Aliniuliza huku pamba imemjaa kinywani, "Mjukuu wangu, nisukutue na nini?" Nikamjibu, "Maji ya chumvi, Babu." Akashukuru, akachukua bakora yake, akaenda zake.

Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu. Nilimwambia nini, sikumwambia lini.

Babu alifika nyumbani akatupa pamba. Akachemsha maji, akatia chumvi nyingi, akaanza kusukutua saa ile ile. Yeye ni mtu wa bidii. Kila alipotema aliona damu katika mate, naye akasukutua tena ili damu iishe. Aliendelea hivyo mpaka usiku. Siku ya tatu alikuja zahanati kabla jua halijachomoza, ameshika taya kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alifungua kinywa tu nitazame. Shimo lilikuwa tupu. Ndani yake niliona mfupa.

BONGE LA DAMU NI KITU GANI?

Mtoto akianguka akachubuka goti, damu hutoka, kisha hukauka. Juu ya kidonda hufanyika kigaga. Mama humwambia mtoto, "Usikibandue kigaga hicho." Mama anajua kwamba chini ya kigaga ngozi mpya inaota. Kikibanduliwa mapema, kidonda huanza upya.

Kinywani ni vivyo hivyo. Jino lina mizizi iliyoingia ndani ya mfupa wa taya. Likitoka, huacha shimo. Damu hujaa katika shimo hilo na kuganda, ikawa bonge. Bonge hilo ndilo kigaga cha kinywani. Hufunika mfupa na mishipa ya fahamu, hewa na chakula visiviguse. Tena ndani ya bonge hilo hilo nyama mpya huanza kuota. Baada ya wiki 2 au 3 ufizi huwa umefunika shimo kwa juu. Mfupa ulio chini huchukua miezi kadhaa kujaa.

Tofauti ni kwamba goti ni kavu na kinywa kina mate. Goti unaweza kulifunga kitambaa, lakini kinywa kinakula, kinasema, na ulimi haupumziki. Kwa hiyo bonge la damu kinywani hutoka kwa urahisi sana, hasa siku ya kwanza. Maji yakizungushwa kwa nguvu hulitoa. Kutema mate kwa nguvu hulivuta. Kunyonya kitu hulivuta. Ulimi ukichokonoa hulilegeza. Babu alilitoa bonge lake mwenyewe, kwa maji safi na nia njema, kwa sababu mimi sikumwambia asubiri.

SIKU YA KWANZA

Mganga atakuwekea pamba au kitambaa cha bendeji juu ya shimo na kukuambia uume. Uma kwa nguvu, bila kutafuna, kwa muda wa dakika 30. Kama huna saa, ni kama muda wa kupika ugali, tangu kubandika maji mpaka kupakua. Usiitoe pamba kila mara kuchungulia. Usiongee. Mate yakija, yameze. Wengine huona kinyaa kumeza mate yenye damu, lakini kidogo hakidhuru. Kutema ndiko kunakodhuru.

Pamba ikitoka, huenda damu ikaendelea kuchanganyika na mate mpaka jioni, hata mpaka asubuhi. Usiogope. Fanya jaribio hili: dondosha tone moja la damu ya kuku katika kikombe cha maji. Maji yote hubadilika rangi. Ndivyo mate yalivyo. Damu kidogo hufanya mate mengi yaonekane kuwa damu tupu.

Lakini kama damu yenyewe inajaa kinywani, fanya hivi. Keti wima, usilale. Chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kikunje kiwe kinene kama kidole gumba. Kiloweshe kidogo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukamue. Kiweke juu ya shimo, uma kwa nguvu dakika 30 nyingine. Mara nyingi damu husimama. Isiposimama, weka kitambaa kingine, uma, na anza safari ya zahanati, hata kama ni usiku. Usitie majivu, wala majani ya kahawa, wala ugoro, wala unga wa mti wowote ndani ya shimo. Vitu hivyo huingiza uchafu mpaka kwenye mfupa.

Mdomo utakuwa na ganzi kwa saa kadhaa. Katika muda huo usile chakula cha moto, maana utaungua bila kujua. Mtoto aliyechomwa sindano ya ganzi achungwe. Watoto hutafuna mdomo wao kwa sababu hawausikii, na ganzi ikiisha wanakuwa na kidonda cha pili. Nimeona mtoto mmoja aliyevimba mdomo hivyo, na mama yake alikuwa tayari kwenda kumlaumu mganga.

Siku hiyo usisukutue kabisa. Naandika tena: usisukutue kabisa, si kwa maji baridi, si kwa maji ya moto, si kwa maji ya chumvi, mpaka saa 24 zipite. Ukitaka kutoa maji kinywani, inama, fungua mdomo, maji yadondoke yenyewe. Meno mengine yapigwe mswaki jioni ile ile, pole pole, bila kufika kwenye shimo. Mswaki wa dukani unafaa. Mswaki wa mti pia unafaa, mradi uwe mpya na laini.

Usifanye kazi nzito siku hiyo. Ukiinama kulima, au ukibeba ndoo ya maji kichwani, damu huja kwa nguvu kichwani na kidonda huweza kuanza kutoka damu tena. Hapa nasema na akina baba. Mkeo aking'olewa jino, siku hiyo kachote maji wewe. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mwambie umeagizwa na zahanati.

Usiku weka mto wa pili, au kunja kanga uweke chini ya mto, kichwa kiwe juu kidogo. Shavu likianza kuvimba, weka nje kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Kiweke kwa dakika kama 20, ukiondoe, kisha ukirudishe baadaye. Kuvimba kidogo ni kawaida. Huongezeka mpaka siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua.

DAWA YA MAUMIVU

Ganzi ikiisha maumivu huja. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli. Vidonge vya miligramu 500 humezwa 2 kwa mara moja, na kurudiwa baada ya saa 6. Usizidishe vidonge 8 kwa siku moja, usiku na mchana pamoja. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, basi uliza zahanati, usikate kidonge kwa kukisia.

Aspirini isitumike kwa maumivu haya. Aspirini huzuia damu kuganda, na sisi tunataka igande. Lakini kama daktari amekupa aspirini ya kumeza kila siku kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako. Mweleze mganga wa meno kabla hajashika koleo. Mweleze pia kama una kisukari, presha, mimba, au kama ukijikata damu yako hukawia kusimama. Wengine huficha kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Mganga haulizi kwa udadisi. Majibu yako humwelekeza namna ya kukung'oa kwa usalama.

Kuna watu huweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi ili kiyeyuke pale pale. Kidonge hicho huunguza ufizi, ukawa mweupe na kuchunika. Na kuna watu hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili. Si kila jino linalong'olewa huhitaji dawa ya kuua vijidudu. Mganga akiona haja atakuandikia, nawe utameza mpaka dozi iishe. Kidonge kilichobaki kwa jirani si dawa yako.

SIKU YA PILI

Sasa maji ya chumvi yanaruhusiwa. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Katika bilauri moja ya maji tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge. Chumvi isizidi. Babu alitia kiganja kizima.

Weka maji kinywani, ulaze kichwa upande wa kidonda, yakae pale kidogo, kisha yaache yatoke. Usiyatikise kama unayesuuza chupa. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala, kwa siku kama 7. Kazi ya maji hayo ni kuondoa mabaki ya chakula, kinywa kiwe safi. Hakuna haja ya kusugua kidonda.

Chakula kiwe laini. Siku ya kwanza kunywa uji uliopoa, maziwa, au mchuzi usio na pilipili. Siku zinazofuata kula ndizi zilizopondwa, viazi, wali laini, ugali laini na mlenda. Tafunia upande mwingine. Karanga, bisi na mahindi ya kuchoma visubiri, maana chembe zake huingia shimoni. Muwa nao usubiri. Huku kwetu muwa unapatikana kila mahali, na watu huona kwamba muwa ni laini, si kama mfupa. Ubaya wa muwa si ugumu wake. Muwa hunyonywa, na kunyonya huvuta bonge la damu. Kwa sababu hiyo hiyo usinywe dafu wala soda kwa mrija. Kunywa kwa kikombe.

Sasa tumbaku. Sigara, kiko na ugoro ni adui mkubwa wa kidonda hiki. Anayevuta sigara hunyonya, na hapo bonge huvutwa. Tena moshi hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na kidonda hukosa chakula chake. Ugoro nao hukaa ndani ya shimo. Najua kumwambia mvutaji aache kabisa ni neno rahisi kusema. Basi angalau acha siku hizo 7, na kama huwezi 7, acha 3 za kwanza bila kukosa hata moja. Pombe pia iache katika siku hizo. Aliyelewa husahau masharti yote niliyoyaandika hapa.

SHIMO KAVU

Bonge likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi. Sisi huita hali hiyo shimo kavu. Utaijua hivi. Kwa kawaida maumivu ya jino lililong'olewa hupungua siku hadi siku. Katika shimo kavu maumivu hupungua kwanza, kisha siku ya 2, ya 3 au ya 4 hurudi kwa ukali. Hupanda mpaka sikioni. Kinywa hunuka, na mate huwa na ladha mbaya. Parasetamoli haitoshi. Hutokea zaidi kwa magego ya chini na kwa wavutaji wa sigara. Wakati mwingine humpata hata mtu aliyefuata masharti yote, kwa hiyo tusimlaumu kila mgonjwa.

Shimo kavu halitokani na kurogwa, wala si dalili kwamba kipande cha jino kimebaki, ingawa mganga atatazama kuhakikisha. Usijaribu kulitibu nyumbani. Babu alirudi kituo cha afya kwa pikipiki, nami nilikwenda naye maana niliona aibu kumwacha. Tabibu aliosha shimo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, kisha akaweka kitambaa chembamba chenye dawa iliyotengenezwa kwa mafuta ya karafuu. Ni karafuu zile zile zinazolimwa Pemba na Unguja. Ndani yake mna kitu kinachotuliza mishipa ya fahamu. Kabla hatujafika nyumbani Babu alikuwa anazungumza.

Lakini wewe usidondoshe mafuta ya karafuu ya dukani ndani ya shimo. Mafuta matupu huunguza nyama. Mganga huyachanganya kwa kipimo, na baadaye hubadilisha au hutoa kitambaa hicho.

KOSA MOJA HUZAA JINGINE

Babu alipona, lakini habari yake ilikuwa imekwisha kutembea. Wakati anaumwa, watu walimwona amekaa barazani ameshika taya. Wakasema, "Pale zahanati wanang'oa jino wanaacha maumivu." Sikuweza kubisha, maana ndivyo walivyoona kwa macho yao.

Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na gego la chini lililotoboka. Alikusudia kwenda kung'olewa wiki ile. Aliposikia habari za Babu akaghairi. Akawa anameza vidonge vya rangi mbili, viwili leo, kimoja kesho. Baada ya wiki mbili nilikuja kuitwa usiku. Nilimkuta amekaa ameinamia mbele, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Chini ya kidevu palikuwa pamevimba na kuwa pagumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umeinuliwa juu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani.

Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Uvimbe huo huziba njia ya hewa, na mtu hufa kwa kukosa pumzi. Si jambo la kusubiri asubuhi. Tulipata gari la mtu aliyekuwa anapeleka mchele mjini, tukamfikisha hospitali ya wilaya akiwa bado anapumua. Walimpasua shingoni kutoa usaha, wakalitoa jino, wakamweka wodini siku nyingi. Leo yupo, analima. Ana kovu chini ya taya. Kila nikiliona nakumbuka Jumanne ile na jibu langu la maneno matatu.

Hatari hii yaweza kumpata mtu kabla ya kung'olewa, na yaweza kumpata baada ya kung'olewa. Kwa hiyo shika dalili hizi, na umsomee asiyejua kusoma. Uvimbe unaozidi baada ya siku ya 3 badala ya kupungua. Homa na kutetemeka. Usaha kutoka shimoni. Kinywa kushindwa kufunguka. Ukiona moja kati ya hizo, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Lakini ukiona mgonjwa hawezi kumeza mate yake, au anapumua kwa shida, au uvimbe umeingia chini ya ulimi, shingoni au umefunga jicho, tafuta chombo cha kumpeleka hospitali saa ile ile. Njiani akae, asilazwe chali. Uvimbe usichanjwe kwa wembe wala usikandwe.

JE, MENO YA KUPANDWA?

Kijana huyo aliporudi aliniuliza swali. Binamu yake aliye Dar es Salaam alimwambia kwamba siku hizi meno hupandwa kama mihogo. Je, ni kweli?

Ni kweli, ila si kama mihogo. Daktari wa meno huingiza ndani ya mfupa wa taya msumari mfupi wenye nyuzi kama parafujo. Hutengenezwa kwa madini yanayoitwa titani. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950. Aliona kwamba mfupa huishika titani kwa nguvu, hata hakuweza kuitoa. Mwaka 1965 alimwekea mtu kwa mara ya kwanza. Msumari ukishashikwa na mfupa, huwekwa jino la bandia juu yake. Kushikwa huko huchukua miezi, kwa kawaida 3 mpaka 6. Huduma hii hupatikana katika miji mikubwa, na bei yake ni kubwa kwa mkulima.

Nilimwambia kijana kwamba hata aliyelipa fedha hizo zote hupewa masharti haya haya. Siku ya kwanza asisukutue. Asiteme kwa nguvu, asinyonye, asivute sigara. Ale laini, na atafunie upande mwingine. Siku ya pili aanze maji ya chumvi, au dawa ya kusukutua aliyopewa na daktari. Kisha asiutikise msumari kwa ulimi wala kwa kidole, maana ukitikiswa mfupa haushiki. Na jino likishawekwa lipigwe mswaki kila siku mpaka kwenye ufizi. Titani haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka huweza kuoza kwa uchafu, na msumari ukang'oka wenyewe. Kijana alisikiliza, akasema atakaa na pengo lake kwanza. Ameanza kupiga mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, ili mapengo yasiongezeke.

KIPANDE CHEUPE

Nimalizie na jambo moja ambalo huwatia watu wasiwasi. Wiki kadhaa baada ya Babu kupona, alikuja tena zahanati. Safari hii aliitikia salamu. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, chenye ncha, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa kimechomoza katika ufizi wake, naye akakitoa kwa ulimi.

"Mjukuu wangu," akasema, "jino langu mmeliacha nusu."

Nilitazama kinywani. Ufizi ulikuwa umefunga vizuri, hauna usaha wala uvimbe. Nilimweleza kwamba hicho si jino. Ni kichembe cha mfupa. Jino likitolewa, ukingo wa shimo huweza kumeguka kidogo, na mwili husukuma nje kile usichokihitaji, kama unavyosukuma mwiba. Kikitoka chenyewe, sawa. Kikichoma na kukataa kutoka, njoo kitolewe kwa kibano safi, usitumie sindano ya kushonea.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, akinitazama machoni: "Na leo nisukutue, au kesho?"

Nikamwambia leo hakuna haja ya kusukutua. Akaikunja karatasi yake na kichembe ndani yake, akairudisha mfukoni.